Fungate ya Melini na Maswali ya Bibi

Bei ya meli ya kitalii huandikwa kwa kichwa, tena kwa makadirio kwamba chumba kimoja mnalala wawili. Binti yangu alituelewesha hilo mezani kwetu Mwanza, jioni ya kikao cha familia, baada ya mjomba wake kuona tangazo kwenye simu na kutamka kwamba basi fungate ya Ulaya ni nafuu kuliko ya Zanzibar. Akamwomba azidishe mara mbili. Halafu ziongezwe kodi za bandari, bakshishi ya wahudumu ambayo meli nyingi za aina hiyo huikata kila siku kwa kila abiria, nauli ya ndege kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam na kutoka Dar hadi Barcelona, na bima. Mjomba akailaza simu kifudifudi, akamimina chai nyingine.

Hata hivyo hakuna aliyesema hapana, na mimi sikutaka mtu aseme. Watoto hawa, binti yangu na mchumba wake, walichumbiana miaka wakiishi mbalimbali, binti muuguzi hapa mjini, mwenzake fundi umeme mgodini Geita, wakionana pale tu zamu zao zilipokubaliana. Waliopendana hivyo wanastahili siku chache ambazo hakuna anayewagongea mlango. Meli iliwavutia kwa sababu hiyo hasa: unafungua begi mara moja tu, asubuhi umeamkia Marseille, kesho yake Genoa, halafu Naples, na kitanda ni kilekile, chakula kimekwisha kulipiwa. Chumba walichochagua kilikuwa cha ndani, kisicho na dirisha, maana ndicho cha bei ya chini. Binti yangu alisema bahari wataiangalia wakiwa juu, kwenye sitaha, pamoja na matajiri.

Mambo yaliharibikia kwenye akaunti ya benki, na hili naliandika ili kila mzazi mwenye kijana anayeoa alijue mapema. Kamati ya harusi ilikubaliana michango yote ipitie kwa bwana harusi, kwa kuwa mweka hazina alikuwa safarini na kila mtu alimwamini kijana. Michango ikaanza kuingia. Shangazi wa Shinyanga, wafanyakazi wenzake wa mgodini, kwaya, majirani, watu ambao mama yake aliwachangia harusi za watoto wao tangu kijana huyu akiwa shule ya msingi. Akaunti iliyozoea mshahara mmoja kwa mwezi ikajaa kama debe lililowekwa chini ya mchirizi. Ubalozi nao unataka kuona taarifa ya benki ya miezi ya karibuni. Anayeisoma hajui kwaya wala shangazi. Anaona fedha nyingi zilizoingia ghafla, kutoka kwa watu wengi, muda mfupi kabla ya safari.

Na huko ubalozini kwenyewe kufika hakukuwa kazi ndogo. Nchi za Schengen zina kanuni: unaomba viza kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, na zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Sasa mtu wa meli anakaa wapi? Hispania siku moja, Ufaransa siku moja, Italia bandari tatu. Kwa hiyo ni Italia, ingawa ndege inatua Hispania. Tena katikati ya safari meli inakatiza kwenda Tunis, ambako ni nje ya Schengen, kwa hiyo ukirudi Ulaya unahesabiwa umeingia upya, na viza ya kuingia mara moja haitoshi. Bima isipungue euro 30,000. Ada ya maombi, tangu Juni 2024, ni euro 90 kwa kila mtu, na ukikataliwa hairudi. Alama za vidole lazima zichukuliwe Dar es Salaam. Wote wawili wakaomba ruhusa kazini, wakapanda ndege asubuhi, wakarudi usiku na mabahasha yao.

Wakala wa safari naye, aliposikia neno fungate, aliandika jina la binti yangu kwa ubini wa mume. Pasipoti yake ina jina la baba yake, kama za wanawake wengi wa kwetu. Herufi zile chache zililipiwa ili zifutwe. Kisha wakaombwa uthibitisho kwamba ni mke na mume, wakati harusi ilikuwa bado, kwa sababu ndiyo hiyo waliyokuwa wakiipangia fungate! Mwenzake alipeleka kadi ya mwaliko. Ilikuwa kadi nzuri sana, yenye utepe wa dhahabu.

Majibu yalikuja siku ya kitchen party. Wote wawili wamekataliwa. Chanzo cha fedha hakikuridhisha. Binti yangu aliisoma barua amesimama jikoni, huku sebuleni wanawake wanaimba na kungoja aingie kufundwa. Akaikunja, akaniwekea mkononi, akaniambia, "Mama, nishikie hii," akaenda kwa wageni wake akacheza. Sijawahi kumheshimu mtu wa umri wake kama nilivyomheshimu dakika ile.

Mimi siuchukii ubalozi. Wanaona karatasi, hawaoni watu. Lakini nasikitika kwamba kitu bora tulicho nacho, watu kutoa kidogo walichonacho ili nyumba mpya isimame, kikiandikwa kwenye taarifa ya benki kinafanana na hila. Kamati ifungue akaunti yake. Ya bwana harusi iachwe na mshahara wake.

Wakala alirudisha sehemu ya malipo ya awali, kubwa ikabaki kwake kwa mujibu wa masharti ya maandishi madogo. Nyumba ikawa nzito. Baba yake binti ndiye aliyeiinua, usiku, akikata kucha kwenye kibaraza. "Meli si tunayo hapa?" alisema.

Na kweli tunayo. MV Victoria iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961 ikiwa meli ya nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Sisi tuliokulia Kagera tunaijua kama tunavyojua nyumba ya babu. Ililala miaka kadhaa kwa ubovu, ikakarabatiwa, ikarudi majini 2020. Inaondoka Mwanza usiku, inagusa Kemondo, inaamkia Bukoba. Ni usiku mmoja tu, lakini kuna chumba cha daraja la kwanza, kuna dirisha ambalo Ulaya wasingelipata, na Bukoba kuna hoteli ufukweni ambako wangekaa juma zima bila kuulizwa taarifa ya benki. Bwana harusi alipiga simu usiku uleule. Binti yangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile barua.

Kesho yake akafika mama yangu kutoka Kemondo, kwa basi, na ndoo ya senene waliokaangwa vizuri, maana ulikuwa msimu wao. Wajukuu wakampokea, "Shikamoo Bibi," ndoo ikafunguliwa, watu wakaanza kutafuna, na mtoto mmoja mdogo akamwambia habari njema ya meli. Bibi akarudisha mfuniko kwenye ndoo.

"Nani anapanda meli?"

Niliyajua yaliyo nyuma ya swali hilo. Mei 1996 Bibi alimsindikiza mdogo wake hadi gati la Kemondo. Alikuwa anapeleka ndizi Mwanza, kama alivyofanya kila mara, na MV Bukoba ilikuwa imekwisha kujaa ilipotoka Bukoba mjini. Meli ile ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Pale Kemondo watu waliendelea kupanda. Asubuhi ya tarehe 21, Mwanza ikiwa haiko mbali tena, ikalala ubavu, ikapinduka, na zaidi ya watu 800 wakafa. Daraja la tatu halikuwa na orodha ya abiria. Hilo ndilo Bibi hajawahi kulimeza: kwamba mdogo wake alikata tiketi, akapanda mbele ya macho yake, na hakuna karatasi popote iliyosema yumo. Taifa liliomboleza siku tatu. Waliopatikana wengi wamezikwa Igoma, hapa Mwanza, ambako kumbukumbu hufanywa kila mwaka. Mama mdogo wangu hatujui kama yumo miongoni mwao.

Mjomba, kwa wema, akaleta suluhisho. Wapande basi. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, hakuna tena kungoja kivuko. Geita, Chato, Muleba, mchana wamefika. Bwana harusi akasema sawa, hakuna tatizo, yupo tayari kwa lolote. Binti yangu hakusema kitu. Alianza kuzoa senene waliodondoka mezani, mmoja mmoja, akiwapanga kiganjani, na machozi yakimtoka. Kwanza Ulaya, sasa ziwa.

Bibi alimwangalia mjukuu wake kwa muda. "Sijakataza," akasema. "Nimeuliza nani anapanda. Sasa nauliza jingine: kuna mtu amekwenda kuwauliza wenye meli?"

Hakuna aliyekwenda. Ndipo tukaenda, Bibi mbele na kitenge chake kizuri, mimi na bwana harusi nyuma, hadi Bandari ya Mwanza Kaskazini. Alipata ofisa kijana aliyelelewa vizuri. Alimwamkia, akamvutia kiti. Bibi hakukaa. Alitaka kujua meli inachukua watu wangapi. Akajibiwa 1,200. Akataka kujua nani anawahesabu, na kama wanahesabiwa kwa majina au kwa vichwa. Kwa majina, Bibi, kila tiketi ina jina. Na wa daraja la tatu? Nao pia. Na wanaopandia Kemondo? Hapo kijana akaelewa anaongea na nani. Akamweleza taratibu, akimwonyesha orodha ya safari iliyopita, ukurasa kwa ukurasa, na Bibi akapitisha kidole kwenye majina ya watu asiowajua kana kwamba anawasalimu.

Kisha maboya. Akaomba aletewe moja, akavalishwa pale pale ofisini juu ya kitenge, akafungwa kamba za kifuani, akazungusha mikono kuona kama linampa nafasi. Akauliza ya watoto yako wapi, na kama kabati la maboya lina kufuli. Bwana harusi alitaka kucheka, nikamtazama, akanyamaza. Siku chache baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyewahadithia jamaa zake swali lile la kufuli, na safari hii hakuwa anacheka. Wale wa Ukerewe waliokuwepo walilielewa mara moja. Mwaka 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la Ukara na zaidi ya watu 220 wakafa wakiona nyumba zao.

Kuna watu watakwambia kuuliza maswali haya ni kumkosea Mungu imani, au ni kuita balaa, au ni ushamba. Mimi nimechoka na maneno hayo. Tunachunguza nasaba ya bwana harusi hadi babu wa nne, tunamuuliza mpishi mchele wa wapi, halafu tunawapandisha watoto kwenye chombo bila kuuliza kina watu wangapi. Bibi aliuliza kwa niaba ya wote wanaoona aibu kuuliza, na aliulizia mahali panapostahili.

Tulipotoka nje akasimama akiitazama meli, akatoa uamuzi. "Wataenda. Na mimi nitapanda nao, maana ndiyo njia ya kwetu."

Basi fungate ikawa hivyo. Baada ya harusi walipanda maharusi, akapanda Bibi, nikapanda mimi kumsaidia, akapanda mjomba kubeba zawadi, na zawadi zenyewe: godoro, masufuria, mashine ya kufulia, na kabati lililotolewa na kwaya ambalo lilikataa kupita mlangoni mpaka milango yake ilipong'olewa. Chumba cha maharusi kilikuwa na vitanda viwili, cha juu na cha chini, na mjomba akaona ni busara godoro jipya lilale juu. Bibi akalipiga marufuku. Akatutoa wote, akamkabidhi mjukuu wake chupa ya chai na sahani ya senene, akafunga mlango kwa nje, na akaweka kiti chake mwanzo wa kijia ili asipite mtu wa kwetu. Nilimpelekea blanketi. Aliniambia niende nikalale, na nijue kwanza boya langu liko wapi.

Sijui kama alilala. Alfajiri nilimkuta amesimama kwenye ukingo, mawingu ya Kagera yameanza kuonekana, anaongea Kihaya na mwanamke wa daraja la tatu mwenye mikungu ya ndizi, wakibishana kwa furaha juu ya bei. Tulishuka Kemondo, sisi na makorokoro yote, mjomba akikimbizana na kabati. Maharusi wakabaki melini. Kutoka pale hadi Bukoba meli ilikuwa yao peke yao, kwa upande wa ukoo.

Ulaya hawajaiacha. Wameanza kuweka akiba kwenye akaunti isiyoguswa na kamati yoyote, na cheti cha ndoa sasa wanacho. Bibi anapiga simu kila Jumapili kuulizia maandalizi, na juzi alitaka kuongea na mkwewe mwenyewe.

"Baba, hiyo meli ya Ulaya, maboya mnafundishwa kabla ya kuondoka au baada?"

Kijana alikuwa amesoma. Akamweleza habari ya Costa Concordia iliyogonga mwamba kisiwani Giglio, Italia, Januari 2012, watu 32 wakafa. Kwamba waliopandia bandari ya Civitavecchia jioni ile walikuwa hawajafanya mazoezi ya dharura, kwa sababu wakati huo kanuni iliruhusu yafanyike ndani ya saa 24. Na kwamba tangu 2015 abiria wapya hufundishwa kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka.

"Mara tu inapoondoka," Bibi akarudia. "Hapana. Waambieni nyie wawili mtafundishwa kabla."