Kongole, Bi Netiweki

Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tangu hapo wenye busara wamekuwa wachoyo wa sifa. Mimi leo nitasifu bila hofu, kwa kuwa ninayemsifu alikwisha kulitia maji zamani, na sasa anauza maji matupu kwa bei ya tembo. Ninamsifu Bi Netiweki, intaneti ya nyumbani ya kule milimani: huja akipenda, huondoka bila kuaga, na hulipwa mwanzo wa mwezi kana kwamba mwezi mzima atakuwepo. Simba amesifiwa, wafalme wamesifiwa, hata ng'ombe wana nyimbo zao. Bibi huyu hajaambulia ila matusi, tena ya watu waliopanda juu ya kiti huku wameinua simu karibu na dari.

Tuanze na nasaba, maana mtu hasifiwi kabla haijajulikana ametoka nyumba gani. Bi Netiweki wa Milima ya Taita si mtoto wa kuokotwa. Jamaa zake walitoka Fujairah, kwenye Falme za Kiarabu, wakapita chini ya bahari ndani ya mkongo wa TEAMS wakatua Mombasa mwaka 2009. Mwaka huohuo ukafika mkongo wa SEACOM, na mwaka 2010 ukafuata EASSy. Njia ya Ghuba na Mombasa ndiyo waliyoizoea manahodha wa majahazi kwa karne nyingi, kwa hivyo hata kwa upande wa usafiri ametoka kwa watu wenye jina. Kutoka Mombasa nyuzi za kioo, yaani fiba, ziliandamana na njia ya kwenda Nairobi, zikapita Voi zikiwa na nguvu zao zote.

Hapo ndipo ubibi wake unapoonekana. Kutoka Voi kupitia Mwatate hadi Wundanyi ni safari ya matatu moja, lakini mtu wa nasaba hakimbilii mlima. Huchukuliwa na mawimbi ya redio, mnara hadi mnara, na mawimbi hayo hupenda kuonana uso kwa uso. Kilima kikisimama katikati, hasukumani nacho. Mikalitusi ikinenepa kwa mvua, hupunguza sauti. Akifika kwenye nyumba ya mawe yenye paa la mabati hupiga hodi mara moja, kwa unyonge, na asipoitikiwa hurudi zake. Amevuka bahari nzima bila kulalamika. Kinachomshinda ni yale mashamba mawili ya mwisho.

Wajuzi watakwambia kuna masafa ya chini, ya megahezi 700 hadi 900, ambayo huenda mbali zaidi na kupenya kuta vizuri kuliko yale ya megahezi 1,800 au 2,600. Ni kweli. Ila masafa hayo ya chini kwa kawaida hubeba mzigo mdogo. Basi mwenye nyumba huchagua kati ya mgeni mwenye mizigo asiyefika na mgeni anayefika mikono mitupu.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba anajua kukusanya watu. Chifu akiitisha baraza, huja wazee wachache na mtu mmoja mwenye kesi ya mpaka. Bi Netiweki haitishi mkutano, ila kila kijiji kinalijua jiwe lake, au kona yake nyuma ya kanisa, au mparachichi wake, mahali anapopatikana. Hapo utamkuta mwalimu akipakia alama za wanafunzi, kijana anayetafuta kazi, mama anayemwombea mtoto cheti cha kuzaliwa kwenye eCitizen, na shemeji yake aliyekuja eti kusalimia tu. Habari za nani ameoa na nani ameuza shamba husambaa hapo kwa kasi ambayo bibi mwenyewe hajawahi kuifikia. Intaneti ya mjini humfungia kila mtu chumbani mwake. Huyu wetu hututoa kwenye blanketi, tukajuliana hali kwenye umande.

Sifa ya pili ni malezi. Waulize wanaompokea kwa madishi ya zamani. Setilaiti zao zimekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Neno lako hupanda huko na kushuka, kisha jibu nalo hupanda na kushuka. Hata kwa mwendo wa mwanga, karibu nusu sekunde imekwisha kupita kabla ya jibu kukufikia. Mkizungumza ovyo mnakanyagana maneno, na mwisho hamsikilizani kabisa. Basi nyumba nzima hujifunza kumwacha mtu amalize, kunyamaza kidogo, ndipo mwingine aseme. Nyanya zetu walitufundisha adabu hiyo kwa kiboko. Bi Netiweki ameifundisha kwa fizikia.

Tatu, ni mwalimu wa hesabu. Msikilize mzee mmoja wa huku akizungumza na kijana wa mauzo aliyepanda mlima na fulana mpya na kijitabu cha rangi.

"Mzee wangu, hii yetu haina kikomo."

"Haina kikomo mpaka wapi, kijana wangu?"

"Mpaka GB 100, mzee. Baada ya hapo unaendelea tu, ila mwendo unapungua kidogo."

"Kidogo mpaka wapi?"

Kijana hutazama viatu vyake. Mzee huyo hakusomea teknolojia popote. Amesomeshwa na bibi. Ndiye aliyemfunza kwamba megabiti 10 kwa sekunde si megabaiti 10, kwa sababu baiti moja ina biti 8, na kwamba faili la GB 1 kwa mwendo huo litachukua zaidi ya dakika 13 hata siku ambayo kila kitu kimekaa sawa. Ndiye aliyemfungulia siri ya kupatikana kwa asilimia 99, ahadi inayong'aa vizuri sana kwenye karatasi. Asilimia 99 ya mwezi wa siku 30 maana yake ni kwamba kampuni inaweza kutoweka kwa saa saba na dakika 12 na bado ikawa imetimiza neno lake. Kwa mwaka, hizo ni siku tatu na nusu na zaidi. Tena hakuna palipoandikwa kwamba saa hizo haziwezi kuangukia tarehe 30 Juni usiku, Wakenya wote wanapong'ang'ana kuwasilisha ritani za ushuru.

Nne, ametufundisha kusoma saa. Alfajiri, majogoo wakiwika, anakimbia kama swara wa Tsavo na hakuna wa kumwona. Kati ya saa moja na saa nne usiku, kijiji kizima kikiwa kimerudi nyumbani na kila simu inavuta kwenye mnara mmoja, yeye hugawa kwa haki: kila mtu kidogo, hakuna anayeshiba, hakuna wa kumwonea mwenzake wivu. Disemba, watu wa Nairobi na Mombasa wakija Krismasi na simu zao mbilimbili, mnara uliopimwa kwa waliobaki nyumbani hulemewa, na sote tunalazimika kutazamana usoni na kuulizana habari za mwaka. Ndiyo maana aliyefunzwa naye hapimi intaneti saa nne asubuhi, wakati wauzaji wanapopenda kuja. Hungoja saa mbili usiku, mvua ikinyesha ikiwezekana, na hutaka kipimo kichukuliwe mahali rauta itakapokaa, si barazani.

Sifa haikamiliki bila kutaja mahasimu, na wa bibi si watu wadogo. Julai 2020 walikuja wa maputo: kampuni ya Loon, ya ukoo wa Google, pamoja na Telkom Kenya, iliinua maputo yapatayo 35 hadi kimo cha kilomita 20 hivi ili kuwapa intaneti watu wa magharibi na kati ya Kenya. Dunia nzima ilitazama juu. Januari 2021 Loon ikatangaza kwamba inafunga, kwa kuwa hesabu za biashara hazikukubali. Bi Netiweki alikuwa palepale nyuma ya kanisa, hata hakujua kama kulikuwa na mashindano.

Akaja Starlink, Julai 2023, na setilaiti zinazozunguka kilomita 550 hivi tu juu yetu, kwa hivyo ile nusu sekunde ya malezi ikafutika. Huyu ni hasimu wa kweli, nakiri, na yuko juu ya mapaa mengi ambako fiba haitafika leo wala kesho. Lakini hata yeye kikombe chake hujaa: mwisho wa 2024 wateja wapya wa Nairobi na kaunti jirani waliambiwa nafasi zimekwisha. Na Julai 2025 alizimika duniani kote kwa takriban saa mbili na nusu. Fiba nayo, inayojigamba mjini, ilipata somo lake Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini na Afrika Mashariki yote ikasuasua siku kadhaa. Siku hizo mtu wa Nairobi na mtu wa Wundanyi walikuwa sawa kabisa, na wa Wundanyi ndiye aliyekuwa na uzoefu.

Katika mafunzo haya yote ndipo penye fadhila yake kubwa: ametufanya kijiji cha watu wanaojua kununua. Tangazo halijawahi kukwambia uulize mnara uko upande gani wa kilima, au kama una betri na jenereta za kuushikilia stima ikipotea. Yeye ametwambia. Ametufanya tugonge milango ya majirani, hasa wale wanaoishi kwenye mteremko wetu, maana aliye ng'ambo ya bonde ana habari njema zisizotuhusu. Ametufanya tukatae mkataba wa mwaka kabla ya kujaribu mwezi mmoja. Ametufanya tuweke laini ya pili ya kampuni nyingine iliyo kwenye mnara mwingine, kwa kuwa jifya moja haliinjiki chungu.

Na juu ya hayo yote, ametufanya tuulize swali ambalo wauzaji hawalipendi: fundi wenu analala wapi? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kampuni yenye mwendo mkubwa na nambari ya huduma ya Nairobi itakupa nambari ya malalamiko, muziki wa kusubiri, na ahadi kwamba tatizo lako limepandishwa ngazi. Fundi wa kampuni ndogo yenye mwendo wa wastani, anayekaa sokoni, atakuja na boda boda na ngazi ya jirani, agundue kwamba upepo umeisogeza antena, aisogeze kurudi, anywe chai, aondoke. Kenya si ngeni kwa jambo hili. Kampuni ya Mawingu ilianzia Nanyuki, si Westlands ya Nairobi, ikiwafikia watu ambao mahesabu ya wakubwa yaliwaruka. Megabiti hununuliwa popote. Mtu wa kuja kesho asubuhi hanunuliwi popote.

Wapo wanaonung'unika, najua. Mwanafunzi aliyepitwa na siku ya mwisho ya kuomba mkopo wa chuo akiwa ameketi juu ya jiwe, ukurasa ukizunguka. Mgonjwa aliye kwenye benchi la zahanati, anayeambiwa mfumo umelala, naye hajalala tangu jana. Mkulima aliyejua bei ya nyanya ya Mombasa baada ya lori kuondoka. Hawa hawaoni heshima waliyopewa. Wenzao wa mjini hupata huduma bila hata kutoa jasho, na kitu kisichotolewa jasho hakina baraka. Serikali inao mfuko wa huduma kwa wote, unaochangwa na kampuni za mawasiliano, wa kupeleka minara mahali pasipolipa. Mfuko huo ukiharakishwa sana, watu hawa watakosa cha kuhadithia wajukuu. Tuwaombee subira wanaoupangia safari.

Sifa bila zawadi ni kelele tu, na mimi sitaki bibi aseme nimempigia kelele. Kwa hivyo napendekeza wateja wote wa vijijini tumlipe kwa kipimo chake mwenyewe. Kuanzia mwezi ujao tutakuwa walipaji wa kutegemewa kwa asilimia 99, kiwango ambacho kampuni yoyote ingeona fahari kukichapa kwenye kijitabu. Saa saba na dakika 12 zinazobaki kila mwezi tutakuwa kwenye matengenezo. Tunaomba radhi mapema ikiwa matengenezo hayo yataangukia saa ile bili inapofika. Mhasibu akiona kimya kimezidi, atupigie simu tu. Ataambiwa kwa sauti ya upole kwamba mteja wa nambari aliyopiga hapatikani kwa sasa, na tatizo lake tutakuwa tumelipandisha ngazi.