Usukani Unacheza Kalindula? Washukiwa Saba wa Mtetemo wa Mbele

Uko kwenye pikipiki, barabara ya RN1, unaingia Likasi kutoka Lubumbashi. Lori la madini linakukatia njia, unabana breki ya mbele, na usukani unaanza kucheza kalindula. Kijiweni jibu ni moja: “Diski imepinda, yaya, nunua mpya.” Haraka ya nini? Breki hushtakiwa sana kwa makosa ya majirani zake.

Jiulize kwanza: mkono wa breki unadunda vidoleni, au umetulia huku usukani ndio unaotikisika? Shika jibu lako, tuhesabu kushuka.

7. Tairi. Upepo mdogo, mpira uliolika kwa mawimbi, au tairi ambalo halikukaa sawa kwenye rimu baada ya pancha. Lakini tairi bovu halingoji breki. Hutetemeka hata ukijiendea zako polepole. Likinyamaza mpaka ubane, liachie kwa dhamana.

6. Njiti na rimu. Gonga njiti moja moja kwa spana: iliyokaza inalia, iliyolegea inanung’unika. Kisha inua gurudumu, funga waya kwenye shokapu, ncha ikaribie rimu, uzungushe. Ikigusa hapa na kuacha pale, rimu imepinda. Kwenye breki ya ngoma, njiti zilizovutwa ovyo zinaweza kuharibu hata uduara wa ngoma. Fundi anayekaza “kwa macho” tunampongeza kwa macho yake. Hapa tulihitaji masikio.

5. Boliti. Gurudumu lilifunguliwa usiku kando ya njia, likarudishwa kwa vidole na sala. Kagua ekseli na boliti za kalipa. Ukikuta ndiyo hiyo, kaza na unyamaze. Kijiweni sema ulifanya matengenezo makubwa.

4. Beringi za gurudumu. Inua mbele, shika tairi juu na chini, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, au likikwaruza linapozunguka, beringi zimekwisha. Vumbi la kiangazi na matope ya masika vinajua njia ya kuingia. Anayelenga habu kwa mashine ya maji ya kasi anamtafutia fundi kazi.

3. Shokapu. Bushi zikilika, miguu ya shokapu hucheza mbele na nyuma kila ukibana. Sili ikivuja, oili inaweza kushuka hadi kwenye pedi. Pedi iliyolowa oili haifuliwi, hata na sabuni ya mama mkwe. Tupa.

2. Diski au ngoma. Kama mkono wa breki ulidunda, huyu ndiye mtu wako. Ila “imepinda” mara nyingi ni uzushi. Ukisimama ghafla mteremkoni na kuendelea kubana breki ikiwa ya moto, pedi huacha alama yake kwenye diski, na kila mzunguko alama hiyo inakukumbusha. Jaribu kwanza msasa laini na spiriti. Ikiendelea, pima kwa saa ya kupimia: kwa pikipiki nyingi mwisho wa kuyumba ni milimita 0.3. Unene wa chini unaoruhusiwa kwa kawaida umechongwa kwenye diski yenyewe, bila malipo. Ngoma iliyopoteza uduara inaweza kuchongwa kwa mashine, ilimradi isizidi kipenyo cha mwisho. Na katika mji kama Likasi, wenye karakana za Ateliers Centraux de Panda, kumtafuta mtu anayejua kuchonga chuma si safari ya Kinshasa.

1. Beringi za shingo ya usukani. Kinara wetu, hasa kama mkono wa breki ulitulia! Hagusi breki kabisa, kwa hiyo hakuna anayemtazama. Ukibana, uzito mwingi unakimbilia mbele. Shingo ikilegea, shokapu inaruka mbele na nyuma, nawe unasikia “ko-ko” mikononi. Weka stendi ya kati, mwenzako akalie nyuma hadi gurudumu la mbele liinuke. Shika shokapu kwa chini, vuta na sukuma. Ikigonga, kaza nati ya shingo hadi mchezo uishe, bila kuufanya usukani mzito. Halafu zungusha usukani taratibu: ukijifunga katikati kama umeingia shimoni, njia za beringi zimechimbika, na kukaza hakutasaidia. Badilisha seti nzima, upake grisi ya kutosha.

Ndiyo maana tunaanza na spana kabla ya pochi. Diski mpya ipo dukani, yaya, haina miguu.