Viza ya Kutazama Maji

Mkazi wa Kampala anayepanga kwenda kuona fjodi za Norwei hukusanya taarifa za benki, barua ya mwajiri na bima, yote ili akubaliwe kutazama maji yaliyobanwa na milima. Ziwa Bunyonyi, kule Kabale, lina maji, milima na visiwa 29, wala halimuulizi mtu akiba yake. Mjuzi atapinga: fjodi huchongwa na barafu ikajazwa na bahari, ilhali Bunyonyi ni bonde lililozibwa na lava. Kweli kabisa, ila chumvi haionekani pichani, na picha, tusidanganyane, ndiyo safari yenyewe. Basi atasingizia umbali. Ni kilomita 400 hivi, na kondakta hataki taarifa ya benki, anataka nauli.