Kutu Apewe Maua Yake

Kila aliyewahi kuligusa gari la kale la Kimarekani amekwishasifiwa, isipokuwa mmoja. Aliyelichora kasifiwa. Aliyeliendesha kwa fujo kwenye filamu kasifiwa. Fundi aliyelipiga rangi hadi likawa kioo kasifiwa, tena kapewa na kikombe. Hata tajiri asiyejua boneti inafunguliwa wapi, aliyelinunua kwa bei ya ghorofa, naye kasifiwa kwamba ana jicho. Ila yule aliyelikalia nusu karne pasipo likizo, aliyekesha nalo kwenye baridi na mvua wakati wenyewe wamelala, hajapigiwa hata kofi moja. Huyo ni Kutu. Leo apewe maua yake angali hai, ingawa sijasikia kwamba amewahi kufa.

Magari ninayoyazungumzia ni V8 za asili, kabla mashangingi ya wakubwa hayajalirithi jina hilo. Pontiac GTO ya 1964, Ford Mustang iliyozinduliwa Aprili mwaka huohuo, Chevrolet Camaro ya 1967, Dodge Challenger ya 1970: milango miwili, pua ndefu, na mngurumo wa kuamsha mtaa. Leo, jimbo baada ya jimbo huko Marekani, kuna baba mtu mzima amelala chali kwenye gereji ya nyumbani kwake, chini ya gari kama hilo, kope zimejaa vumbi jekundu. Ukimuuliza atakwambia analirudishia gari ujana wake. Si kweli. Yuko darasani, na mwalimu wake ndiye ninayemsifu.

Tuanze na nasaba, maana mtu wa watu husifiwa kwa ukoo wake kwanza. Wengi humdhania Kutu kuwa mzamiaji, aliyeingia kwenye shughuli bila kadi. Kumbe ndiye mwenyeji. Madini yaliyolisha viwanda vya magari yalichimbwa kwa wingi katika milima ya Mesabi, jimboni Minnesota, na sehemu kubwa yake ni hematiti, yaani chuma kilichoshikamana na oksijeni, ndugu wa damu wa Kutu. Yalipakiwa melini, yakavuka yale Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, yakashushwa Dearborn kwenye kiwanda cha Ford cha River Rouge, na huko tanuri likayapokonya oksijeni yake. Kilichobaki kikaitwa chuma, chuma kikabanwa kuwa bati, bati likakunjwa kuwa ubavu wa Mustang. Tangu siku hiyo chuma kiko ugenini. Kutu anapokuja na maji na hewa, anamrejesha ndugu yake kwao. Mwenye mali akidai mali yake haitwi mwizi.

Lishe yake nayo ni ya kifalme. Kwa hulka yake Kutu hutosheka na maji na hewa, lakini watu wa Michigan hawakuona vema mgeni wao ale chakula kisichotiwa chumvi. Chini ya jiji la Detroit, kiasi cha mita 350 kwenda ardhini, kuna mgodi mkubwa wa chumvi ya mawe, na chumvi ya aina hiyo humwagwa barabarani wakati wa theluji ili barafu iyeyuke. Yaani jiji lililoupa ulimwengu magari limekalia hazina ya kitu kinachoyatafuna. Msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja hahitaji maelezo zaidi. Anajua bati la paa lake linavyozeeka kabla yake. Tofauti ni kwamba huku Pwani chumvi huja na upepo wa bahari, bure. Kule Kutu huletewa kwa lori, kwa fedha za walipa kodi.

Pamoja na ukoo huo na lishe hiyo, Kutu hana majivuno. Hatafuti kukaa mbele penye taa na nikeli. Hupenda pembeni: chini ya zulia, ndani ya kizingiti cha mlango, kwenye mkunjo wa bati juu ya bati ambako tope limejishindilia. Wanakemia wanasema palipozibwa hivyo hewa ya oksijeni huwa haba, na hapohapo penye uhaba ndipo chuma huyeyuka kwa kasi, ilhali peupe karibu yake pananusurika. Kwa hiyo usione nje kunang'aa ukadhani hayupo. Kung'aa si shughuli yake.

Tazama Mustang ya miaka ya 60. Mbele ya kioo, karibu na waipa, kuna matundu membamba ya kuingizia hewa. Chini yake kuna chemba ya mabati mawili yaliyoungwa kwa nukta za moto, na humo ndani rangi ya kiwandani ilifika kwa kubahatisha. Majani makavu huingia, hugeuka mboji, mboji hushika maji, na Kutu hufungua ofisi. Mwenye gari hajui lolote, hadi siku ya mvua abiria wake anapouliza mbona kiatu kimelowa. Kipimo chake ni cha kienyeji: toa zulia, mwagia jagi la maji kwenye yale matundu, kisha ingiza kichwa na tochi chini ya dashibodi. Maji yakiteremkia nje, nyuma ya magurudumu ya mbele, salama. Yakikudondokea puani, umekaribishwa rasmi. Ili kumfikia Kutu mahali hapo sharti uzitoboe zile nukta za moto moja baada ya nyingine, ulifunue bati lote la juu, utibu, halafu ulirudishe lilivyokuwa. Sijui mgeni rasmi gani mwingine anayepewa itifaki ya namna hiyo.

Lakini sifa yake kuu ni ukweli. Katika biashara ya magari ya kale kila mtu ana la kuficha. Rangi inaficha puti, puti inaficha tundu, na muuzaji anaapa kwamba gari lilikuwa la bibi kizee aliyelitumia kwendea kanisani. Kutu peke yake hasemi uongo. Yeye huchukua nafasi kubwa kuliko chuma alichokila, kwa hiyo hana budi kuvimba, na uvimbe huo huisukuma rangi kwa ndani. Utaona kijipele tu, ukubwa wa punje ya uwele, juu ya tao la gurudumu la nyuma. Muuzaji atasema ni rangi imechoka. Bonyeza hapo kwa ncha ya bisibisi. Inazama hadi kwenye mpini, bila kelele, na ukiichomoa inatoka na unga wa kahawia na kibonge cha puti. Bandua zaidi: puti unene wa kidole, chini ya puti wavu wa waya, chini ya wavu gazeti lililoshindiliwa, na chini ya gazeti ni giza la buti. Sumaku iliyofungwa kitambaa ingekwambia hayohayo mapema, lakini sumaku hungoja kuulizwa. Kutu hutoa ripoti hata pasipo na mwenye hamu ya kuisoma. Ni Mkaguzi Mkuu ambaye hakuteuliwa na mtu, na hayupo wa kutengua uteuzi wake.

Akishatoa ripoti, huanza kufundisha, na hapo ndipo mtu wa gereji ya nyumbani hutiwa adabu. Somo la kwanza: kata hadi ukutane na chuma safi. Kila mwanafunzi hukata kidogo kwa huruma, na kila mwanafunzi hurudishwa kukata tena. Somo la pili: usichomelee kwa pupa. Bati la mwili wa gari halifiki unene wa milimita 1. Ukivuta mstari mmoja wa moto kutoka mwanzo hadi mwisho litapinda na kujikunja. Inatakiwa nukta hapa, nukta kule mbali, subiri lipoe, urudi. Anayetaka njia ya mkato hulipeleka bati pana likapuliziwe mchanga kwa nguvu, na boneti iliyonyooka ikarudi na mawimbi. Somo la tatu ni la msasa. Praima ya epoksi ikishakauka na puti ikishapakwa, hupulizwa vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya eneo zima, kisha mtu hushika ubao mrefu wenye msasa namba 80 akaanza kusugua kwa mshazari. Nyeusi ikiondoka, pamenyooka. Ikibaki doa, hapo ni bonde, hata kama jicho linabisha. Atakwenda namba 180, atakwenda 320, atafumba macho apapase kwa kiganja, atarudi tena 80. Haraka haraka haina baraka: methali hiyo sisi tumeisikia tangu utotoni, ila aliyeitia kwenye mabega ya mtu huyo ni Kutu.

Ndipo inapoingia Rangi, yenye saa chache za kazi na miaka ya sifa. Sakafu imemwagiwa maji ili vumbi litulie, kompresa imechujwa unyevu, mpigaji amevaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, kwa sababu hadina ya rangi za kisasa ina isosianeti, ambazo zinaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kosa dogo la mkono na rangi inatiririka. Ikikauka kabla ya kutandaa inakuwa ganda la chungwa, na mtu atalisugua kwa msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, ili apate ulaini ambao magari haya hayakuwa nao hata yalipotoka kiwandani. Yote hayo kwa ajili ya tabaka jembamba lisilofika nusu ya milimita. Na siku ya maonyesho Rangi ndiyo husimama mbele kupigwa picha.

Wala Rangi isijitape sana, kwa kuwa ilikulia mikononi mwa jamaa zake Kutu. Ile praima nyekundu ambayo mafundi wetu huiita redi oksaidi, inayopakwa kwenye chuma ili kisile kutu, wekundu wake unatokana na oksidi ya chuma. Mlinzi tuliyemwajiri ni binamu wa yule tunayemwogopa. Muziki nao ni vivyo hivyo. Magari ya Ford ya mwaka 1966 yalipoanza kuuzwa na mashine za kanda za njia nane, utepe wa kanda zile ulikuwa umepakwa unga wa oksidi ya chuma. Kijana alizunguka mjini na binti wa watu, madirisha wazi, akiamini anasikiliza wanamuziki wake. Ukoo mzima wa Kutu ulikuwa garini, nusu sakafuni, nusu unaimba.

Wapinzani watasema Kutu ni mharibifu wa mali. Wajibuni kwa mnada wa Januari 2020 kule Kissimmee, Florida. Iliuzwa Mustang GT ya 1968, ileile ya kijani ambayo Steve McQueen aliiendesha katika filamu ya Bullitt, kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada za mnada. Haikuwa imefanyiwa ukarabati wa kuirudisha upya. Ilifika na rangi iliyochakaa, mabonde, na Kutu akiwa abiria halali. Mtu mwingine anaweza leo kununua bodi nzima mpya ya Camaro au ya Mustang ya zamani, iliyotengenezwa upya kwa vipimo vilevile, haina hata doa. Akimaliza kuiunganisha, swali la kwanza la kila mnunuzi ni kama hilo ndilo gari lenyewe. Bodi safi imekosa shahidi.

Tena Kutu hana ubaguzi. Mashabiki wa Ford na wa Chevrolet wamebishana tangu kabla sijazaliwa, na sioni dalili ya suluhu. Kutu hajawahi kuuliza nembo. Amekula Ford, amekula Chevrolet, amekula Dodge, na akikuta paa lililofunikwa vinaili ili gari lionekane la kifahari, hujilaza chini ya vinaili hiyo pamoja na maji yaliyonaswa humo, akala kuanzia ukingo wa kioo cha nyuma kwenda mbele.

Basi anayetaka kumtukuza mwalimu huyu asimjengee sanamu. Ya shaba ingekuwa tusi. Amtukuze kwa matendo. Azibue vitundu vya kutolea maji chini ya milango, ambavyo kiwanda kiliviweka na mafundi wakaviziba kwa puti. Asilifunike gari kwa turubai la nailoni juu ya sakafu yenye unyevu. Na kabla ya kufunga vitu vya ndani, aingize mpira mwembamba kwenye vizingiti na mapango ya mwili wa gari apulizie nta, kona kwa kona, mahali ambapo hakuna jaji wa maonyesho wala mnunuzi atakayechungulia. Kutu atachungulia.