Namna ya Kupima Sonona Bila Kumpata Mgonjwa

Mhudumu mwenzangu, umekabidhiwa dodoso la maswali 9 na wakubwa wanataka kila anayekuja kliniki ya presha na sukari aulizwe kuhusu sonona. Usihofu. Dodoso hili lilichapishwa Marekani mwaka 2001, na limeshatumika duniani kote kuwapata watu wanaoumia kimyakimya. Ukifuata mwongozo huu, kwako halitampata mtu.

Anza na mahali. Chumba chenye mlango ni hatari: mtu akifungiwa mlango hufunguka. Muulizie dirishani, foleni ikimsukuma mgongoni na jirani yake wa mtaa mmoja akiwa wa tatu nyuma. Sauti iwe ileile unayoitia namba.

Sasa alama. Maswali yanataka kujua ni siku ngapi, katika wiki 2 zilizopita, mtu amekosa raha, amekosa usingizi, chakula hakipiti, anajiona hafai. Kila jibu lina 0 mpaka 3, jumla 27, na ikifika 10 unatakiwa umkalishe umsikilize. Hiyo 10 ndiyo adui yako. Kwa hiyo usisome swali lilivyoandikwa. Lisome likiwa limeshajibiwa.

“Shikamoo mama. Usingizi unapata vizuri, eti?”

“Marahaba mwanangu. Tunamshukuru Mungu. Labda ule wa usiku tu.”

Sifuri. Mtu aliyelelewa kwetu hawezi kukukatalia mbele za watu, na kushukuru atashukuru hata akiwa na mguu mmoja kaburini. Itumie adabu hiyo, ni bure.

Akisema kichwa kizito, mwili hauna nguvu, moyo unaenda mbio, ana mawazo, mpe panadol. Umgombeze kidogo pia kwa kutomeza vidonge vya presha. Kwa nini hamezi? Hilo halimo kwenye fomu.

Swali la 9 linauliza kama, katika wiki hizo 2, ameona afadhali afe, au amefikiria kujidhuru. Liruke. Sema utamtia wazo, ingawa waliolichunguza jambo hili wanasema kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, na wengine hupata ahueni kwamba hatimaye wameulizwa. Ukibanwa, singizia sheria. Huko Kenya aliyejaribu kujiua aliweza kushtakiwa mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha sheria kinachoruhusu kumshtaki kinakiuka Katiba. Wewe endelea kunong’ona kana kwamba hukumu haijafika.

Ikitokea mtu amekuponyoka akapata 16, usitaharuki. Mwandikie rufaa ya hospitali ya mkoa, nauli juu yake. Asipokwenda, andika kwenye faili “hatoi ushirikiano”. Mwisho wa mwezi ripoti yako itapendeza: waliopimwa wote, waliokutwa nayo hakuna. Kuna wilaya zitakuonea wivu.

Na kikaoni usije ukaitaja Zimbabwe. Huko, tangu 2006, akina bibi wa mitaani wasio na shahada yoyote wamefunzwa kuketi na watu kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuwasaidia kushika tatizo moja kwanza walitatue. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wakubwa wakisikia kwamba kinachotakiwa ni bibi na benchi, tumekwisha. Vyote tunavyo.