Kitambi cha Ukomo wa Hedhi Kipewe Heshima Yake

Vipo viungo vya mwili vilivyosifiwa mpaka sifa zenyewe zikachuja. Macho yana mashairi yake, shingo ina taarabu yake, nyonga zimepigiwa ngoma tangu enzi za mababu. Kitambi cha mwanamke aliyekaribia au kuvuka miaka 50 hakijapata hata beti moja. Fungu lake ni matusi: kinaitwa nyama uzembe, kinabanwa kwa mkanda, kinafunikwa kwa dera, na picha za harusi zikipigwa kinakingwa kwa mkoba. Wakati huohuo kitambi cha mwanamume, ambacho mara nyingi kimejengwa kwa bia na nyama choma, kinaamkiwa "mheshimiwa" na kupishwa kiti. Dhuluma hii imetosha. Dai langu ni kwamba kitambi cha ukomo wa hedhi ndicho mjumbe mwaminifu kuliko wote katika afya ya mwanamke wa makamo, kwa kuwa kinatangaza hadharani jambo ambalo wengine wote wameafikiana kulinyamazia.

Tuanze na ukimya wenyewe. Hedhi ya kwanza, katika jamii nyingi za pwani, ina kungwi na mafunzo yake. Mimba ina kliniki na kadi. Uzazi una arobaini. Ukomo wa hedhi, ambao Shirika la Afya Duniani linasema huwafika wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55, hauna kungwi, hauna kadi, hauna hata pilau. Takwimu nazo zina adabu zao. Uchunguzi mkubwa wa hali ya watu na afya unaofanywa Tanzania na Kenya, ule unaonukuliwa kila inapotajwa lishe ya wanawake, huwahoji na kuwapima uzito wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Akitimiza 50, mwanamke hutolewa kwenye hesabu hiyo, wakati uleule mwili wake unapoanza kubadilika kwa kishindo. Kitambi hakina mipaka ya namna hiyo. Kinaripoti kazini bila barua ya uteuzi, na kwa kawaida kinawahi kabla ya hedhi ya mwisho.

Na taarifa yake ni sahihi kuliko ya mizani. Ovari zinapopunguza utoaji wa estrojeni, mafuta yaliyozoea kukaa nyongani na mapajani huanza kuelekea tumboni. Utafiti wa Marekani uitwao SWAN, uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba kipindi cha mpito kinapoanza, kasi ya kuongezeka kwa mafuta huwa kama mara mbili ya awali huku misuli ikipungua, na mwenendo huo hutulia takriban miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho. Mizani hujumlisha mafuta na misuli pamoja, hivyo mabadilishano hayo huipita bila kuyaona, ikatoa namba ya kumtuliza mwenyewe. Kiuno cha sketi hakidanganyiki. Zaidi ya hapo, mafuta hayafanyi kazi ya utangazaji tu: baada ya ovari kustaafu, yenyewe huwa miongoni mwa sehemu kuu zinazotengeneza estrojeni iliyobaki mwilini, kwa kugeuza homoni zinazotoka kwenye tezi za juu ya figo. Ni mjumbe aliyekubali na kukaimu nafasi iliyoachwa wazi.

Wapinzani watasema huu ni utetezi wa uvivu: mwanamke amekula, amekaa, sasa anazisingizia homoni. Shtaka hili lina ukweli nusu, na nusu hiyo lazima ikubaliwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Science, uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ulikuta kwamba matumizi ya nishati mwilini, yakilinganishwa na ukubwa wa mwili, hubaki palepale kati ya miaka 20 na 60. Kisingizio kwamba moto wa mwili huzimika ghafla mtu akifika 50 kimekosa mashiko. Kilo zinazoongezeka katika umri huu huwapata wanaume pia, na nyingi zinatokana na kutembea kidogo, kulala vibaya na kupoteza misuli. Lakini kuhama kwa mafuta kutoka mapajani hadi tumboni hakuelezeki kwa sahani ya wali, maana hutokea hata pale uzito unapobadilika kidogo tu. Kilo zidaiwe miaka na mazoea. Anwani mpya ya mafuta idaiwe homoni. Anayempa mwanamke lawama zote mbili anamtoza ushuru mara mbili kwa mzigo mmoja.

Pingamizi la daktari ni zito zaidi. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo, huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Ile estrojeni ya kukaimu, ikizidi, huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya mji wa mimba baada ya hedhi kukoma. Haya yote ni kweli, na sifa zangu hazikusudii kumpa mjumbe chumba cha kudumu. Mjumbe hauawi, lakini hakuna sheria inayotaka afugwe. Kinachotakiwa ni ujumbe usomwe: kiuno kipimwe kwa futikamba, na kikivuka sentimita 80 zipimwe sukari na presha, misuli itunzwe kwa kubeba na kuinua vitu vizito, na damu yoyote inayotoka baada ya hedhi kukoma ipelekwe kwa daktari bila kusubiri. Mkanda wa kubana tumbo hausaidii lolote katika haya. Unaficha barua, haujibu kilichoandikwa ndani.

Kwa hiyo wanaokichukia kitambi hiki wana njia moja ya haki ya kukistaafisha: kuzifanya wenyewe kazi zake. Mabinti waelezwe ukomo wa hedhi kama wanavyoelezwa hedhi. Kliniki inayompokea mwanamke mjamzito impokee tena akiwa na 52, ajapo bila mtoto mgongoni. Wapimaji wa uzito wasigeuze njia wanapofika kwenye mlango wa bibi. Mpaka hapo, kuwahesabu wanawake hawa kutabaki kazi ya kitambi, nacho hakijawahi kudai hata posho.