Jinsi ya Kumchosha Tapeli Aliyevaa Sura ya Mjomba

Kwanza, mwache aongee. Uko Mkuyuni, umekaa pembeni ya rundo la mananasi unasubiri gari la kwenda Soko la Chifu Kingalu mjini Morogoro, simu inaita kwa video. Ni mjomba. Uso wake, sauti yake, hata kile kikohozi chake kabla ya kusema. Amepata bahati ya bitikoini, dirisha linafungwa leo saa kumi. Weka laki tano, kesho uchukue milioni. Usimkatize. Sauti yake huenda ilichotwa kwenye video ya harusi mliyoirusha wenyewe, na sekunde chache zinatosha.

Akimaliza, muulize habari za nyumbani. Mlipogawana shamba la ukoo, ule mfenesi wa mpakani ulibaki kwa nani? Mjomba wa kweli, ambaye kwa Waluguru ndiye mwenye kauli juu ya ardhi ya ukoo, atakujibu na kukugombeza juu. Yule aliyetengenezwa na kompyuta atasema mtandao unasumbua.

Hapo kata simu. Mpigie mjomba kwa namba yake ile ya siku zote. Hatua hii ndiyo tapeli anayoichukia kuliko zote, maana anakula haraka yako. Ukipoa, analala njaa. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya Arup huko Hong Kong aliingia kwenye kikao cha video, akawaona wakubwa na wenzake, akatuma takriban dola milioni 25. Sura zote zilikuwa za kutengenezwa. Aligundua baadaye, alipowasiliana na makao makuu. Mtu wa ofisini, mwenye kompyuta mbele yake! Kwa hiyo asikucheke mtu ukisema utapiga tena.

Tulizoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", tukaufuta huku tukicheka. Sasa ujumbe uleule umepata mdomo na macho, na unadai sarafu ya kidijitali ambayo ikishatoka haina wakala wa kumkimbilia. Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini. Kama unazo hata hivyo, yale maneno 12 au 24 ya kufungulia pochi yako usimtajie yeyote. Anayeyaomba, hata akija na uso wa mama yako mzazi, ni mwizi.

Ujumbe wa kitapeli utume 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kisha bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Na leo jioni, mkiwa mnamenya ndizi, chagueni neno moja la siri la familia. Msiliandike kwenye simu. Bibi naye afundishwe, maana yeye ndiye atakayepigiwa kwanza.